UZI: Kuingia shule ya famasia, ni nini kinahesabiwa na watu huangukia wapi?

MamaWaUmoja
Hamjambo wadau. Msichana yuko Kidato cha Tatu, shule ya kutwa huku Eastlands, na ameshikilia famasia, tena shahada. Muhula uliopita alifunga na B+ ya pointi 70. Nauliza mambo matatu. Masomo gani yanahesabiwa hasa? Kuna mtihani wa kuingilia, maana naona vitabu vya PCAT vinauzwa mtandaoni? Na matokeo yakishatoka, ile miezi ya kungoja afanye nini? Naomba majibu ya kina. "Asome kwa bidii" nimeshaambiwa na kila mtu.

Kaunta_ya_Dawa
Karibu, mama. Naanza na la pili kwa kuwa ni fupi. PCAT ulikuwa mtihani wa Marekani, na hata huko ulifungwa Januari 2024. Hapa Kenya hakuna mtihani wa kuingilia famasia, mlango ni KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, peke yake. Anayekuuzia kitabu hicho anakuuzia upepo. Pesa hiyo nunua karatasi za KCSE za miaka iliyopita na kikokotoo cha sayansi kisichoprogramika.

Masomo: nguzo ni nne. Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, kisha Kiingereza au Kiswahili. Kwa shahada kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni B pleini katika kila nguzo, mbali na gredi ya jumla. Mtu akiwa na A- ya jumla na C+ ya Baiolojia, mfumo wa KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, haumpi nafasi hata ya kuichagua kozi. Wazazi wengi husikia "C+ ndiyo ya kuingia chuo kikuu" wakatulia, wakidhani C+ hiyo inafungua kila mlango. Inafungua lango la nje tu.

Halafu angalia hilo neno "au". Kati ya Kiingereza na Kiswahili linachukuliwa lile alilofanya vizuri zaidi. Vivyo hivyo Hisabati na Fizikia. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye B- ya Hisabati na B+ ya Fizikia bado yuko ndani. Aliyeacha Fizikia Kidato cha Pili hana mlango wa pili, Hisabati ikiteleza imeteleza.

Pointi_kwa_Pointi
Niongezee hapo kwa hesabu, maana klasta, zile pointi za kushindania kozi, ndiyo inayowapiga watu chenga.

Kanuni inayotumiwa na wengi kukadiria ni hii. Jumlisha pointi za nguzo nne (A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9) ugawanye kwa 48. Chukua pointi za jumla za masomo saba ugawanye kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tuchukue pointi 70 za msichana wa mama. Tuseme Kemia ni B+, Baiolojia A-, Hisabati B+, Kiswahili A-. Nguzo zinakuja 10 + 11 + 10 + 11 = 42. 42 kwa 48 ni 0.875. 70 kwa 84 ni 0.833. Zidisha upate 0.729, kipeuo chake 0.854, mara 48 ni 40.99.

Sasa mpandishe gredi moja ya Kemia, kutoka B+ hadi A-. Nguzo zinakuwa 43, jumla 71. Klasta inafika 41.77. Amepanda 0.78.

Rudi mwanzo. Safari hii acha Kemia palepale, mpandishe Historia gredi moja. Nguzo zinabaki 42, jumla 71. Klasta ni 41.28. Amepanda 0.29 tu.

Kazi ni ileile, gredi ni moja, lakini ya Kemia imemlipa karibu mara tatu, kwa sababu inaingia kwenye hesabu mara mbili. Mwanafunzi anayetaka famasia akitumia Jumamosi nzima kupandisha Historia kutoka B+ hadi A- anapanda ngazi ya jirani.

Tarakimu atakayoiona kwenye akaunti yake ya KUCCPS inaweza kupishana na hii kidogo, na ile ya kwenye akaunti ndiyo inayotumika. Hii itumieni kupanga masomo sasa, msiitumie kugombana na ofisi baadaye.

MamaWaUmoja
Asante sana. Ana masomo manane. Hilo la nane linasaidia au linamchosha bure?

Pointi_kwa_Pointi
Tangu KCSE ya 2023 jumla inatoka kwa Hisabati, lugha moja, na masomo matano bora yaliyobaki. Kwa hiyo la nane ni akiba, likiwa la mwisho linaangushwa. Hisabati haianguki hata akipata D. Hapo ndipo wa "nitategemea Fizikia" wanajidanganya kidogo: Fizikia itamwokoa kwenye nguzo, lakini Hisabati mbovu bado itaburuta ule upande wa 84.

Mwalimu_Bureti
Hesabu ni nzuri, lakini gredi hazipandi kwa hesabu. Niseme mahali ambapo Kemia inapotea, hasa kwa shule za kutwa ambazo maabara hufunguliwa mara moja kwa wiki mbili.

Kemia ina karatasi tatu: ya kwanza alama 80, ya pili 80, ya tatu ya maabara 40. Arobaini kati ya 200 ni asilimia 20. Baiolojia ni hivyohivyo. Asilimia 20 ni tofauti ya gredi mbili au tatu, na ndiyo sehemu ambayo wanafunzi huiachia wiki ya mwisho.

Chukua titresheni, lile jaribio la kudondosha myeyusho kutoka bureti hadi rangi ibadilike. Jedwali la kwanza huwa na alama 5, na wanaosahihisha huzigawa hivi: jedwali kujazwa lote, desimali kuwa sawasawa, usahihi ukilinganishwa na jibu la mwalimu wa shule hiyo, njia ya kutafuta wastani, na wastani wenyewe. Kati ya hizo tano, tatu hazihitaji hata kipaji cha Kemia, ni nidhamu tu. Na ndizo zinazopotea.

Desimali: ukiandika 24.3 mstari wa kwanza na 24.25 mstari wa pili, alama imeenda. Chagua moja au mbili, ukae hapohapo. Ukichagua mbili, tarakimu ya mwisho iwe 0 au 5 kwa sababu bureti haikuonyeshi zaidi ya hapo.

Wastani: mtu amepata 24.3, 24.2 na 24.3. Jumla 72.8, gawanya kwa 3 ni 24.27. Anaandika 24.3 eti "amekadiria". Hapana. Wastani huachwa na desimali mbili isipokuwa ukigawanyika sawasawa. Na usiweke kwenye wastani namba iliyo mbali na wenzake, ile ya kwanza ya 25.1 uliyofungulia koki kama bomba la Jumatatu.

Usahihi nao huharibikia mikononi. Bureti isuuzwe kwa myeyusho wake, si maji peke yake, la sivyo maji yaliyobaki kwenye kuta yanauzimua na ujazo unaosoma unakuwa mkubwa kuliko ukweli. Pipeti vilevile isuuzwe kwa myeyusho wake. Lakini flaski ya koni isuuzwe kwa maji safi tu. Ukiisuuza kwa myeyusho umeongeza moli ambazo hukuzipima. Faneli iondolewe juu ya bureti kabla ya kuanza, maana tone likidondoka katikati ya kazi umeshapotoka. Hewa iliyo chini ya koki itolewe. Pipeti ikiisha usipulize tone la mwisho, imetengenezwa libaki. Macho yawe usawa wa meniska, na usome chini ya mbonyeo. Sifuri ya bureti iko juu, kuna wanaoanzia 50 kushuka, jedwali zima linageuka kichwa chini.

Rangi: kwa kiashiria cha fenolftaleini unasimama waridi hafifu inapokaa, si waridi ya lipstiki. Karatasi nyeupe chini ya flaski, tone kwa tone ukikaribia.

Shule ikikosa maabara ya mara kwa mara, mzazi aongee na mwalimu apate hata kufanya titresheni mbili tatu kila mwezi. Mikono inajifunza polepole kuliko kichwa.

Dago_Finest
Heshima mwalimu. Mimi swali langu ni la upande mwingine. Mdogo wangu ana C pleini ya mwaka uliopita, Baio C+, Kemia C+. Kuna mtu anasema anaweza "kumwingiza" digrii ya famasia chuo fulani kwa kupitia mlango wa nyuma.

Kaunta_ya_Dawa
Ndugu, huyo mtu mwache hapo alipo. Sababu ni hii: famasia inasimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu, PPB, chini ya Sura ya 244 ya sheria za Kenya. Mwanafunzi akijiunga na chuo anatakiwa aandikishwe na bodi kama mwanafunzi, tunaita kuindeksiwa. Bodi inaangalia gredi za KCSE. Asipotimiza, chuo kinaweza kumpokea, kikala karo miaka mitano, lakini bodi haitamsajili. Na bila usajili hawezi kusimama nyuma ya kaunta kihalali. Mlango wa nyuma unaishia ukutani.

Kwa C hiyo njia ya wazi ni diploma, miaka mitatu, anatoka akiwa mteknolojia wa famasia. Anasajiliwa na bodi ileile. Nafasi za KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya kitabibu, siku hizi hupitia KUCCPS, kwa hiyo barua yoyote ya KMTC anayoletewa na mtu kwenye mkahawa wa mtaani ni ya kutiliwa shaka. Akimaliza na krediti, vyuo kadhaa humpokea shahada.

Thika_Rodi_Stage
Ninapinga kidogo namna watu wanavyoiweka diploma kama zawadi ya aliyeshindwa. Mteknolojia ni kada yake. Anayejua tangu mwanzo kwamba anataka duka la dawa, kazi ya kaunta na kuanza kupata riziki mapema, diploma inaweza kumfaa hata kama ana B. Anayetaka kiwanda, utafiti, famasia ya hospitali kubwa, ubora wa dawa, hapo shahada. Watu wanachanganya heshima na kazi.

Kaunta_ya_Dawa
Nakubali nusu. Akiwa na pointi za shahada na mwenyewe anaitaka, kuanza diploma halafu kupanda ni miaka mingi: mitatu, halafu shahada ambayo ni mitano kwa kawaida hata ukipunguziwa kidogo, halafu mwaka wa intanshipu. Ahesabu umri wake atakapomaliza kabla ya kuamua.

Dago_Finest
Nimeelewa. Na chuo nitajuaje kama ni halali? Kuna kimoja kina bango kubwa na maabara ya kupendeza.

Kaunta_ya_Dawa
Usiangalie bango. Angalia orodha ya PPB ya vyuo na kozi zilizoidhinishwa, iko kwenye tovuti yao, au panda Lenana Road uwaulize ana kwa ana. Na usome vizuri: kinachoidhinishwa ni kozi, si jengo. Chuo kikuu kinaweza kuwa na hati yake kutoka Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kikafundisha sheria na biashara kihalali kabisa, na bado kozi yake ya famasia iwe haijapitishwa na bodi. Chuo kinaweza pia kupitishwa kwa diploma lakini si kwa shahada. Muulize msajili swali moja: "Wanafunzi wenu wa mwaka wa kwanza wameshaindeksiwa PPB?" Akianza kuzungukazunguka, chukua kofia yako.

Mambo haya yafanyike kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu.

MamaWaUmoja
Basi nitajieni vya shahada vilivyo karibu na Nairobi, nisije nikamtuma mbali bila sababu.

Thika_Rodi_Stage
Mama, ukiacha Chuo Kikuu cha Nairobi, vingine vya karibu viko kwenye barabara moja. Anza Kasarani kuna USIU-Africa (binafsi), Kahawa kuna Kenyatta University, Juja JKUAT, Thika Mount Kenya University (binafsi). Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe famasia iko kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, lakini masomo ya mwanzo kama anatomia na fiziolojia kwa desturi hufanyiwa Chiromo. Hilo lina maana ya nauli na kodi ya nyumba: usikimbilie kukodi karibu na Hospitali ya Kenyatta kabla ya kuona ratiba ya mwaka wa kwanza.

Nje ya Nairobi kuna Kabarak upande wa Nakuru na Maseno upande wa Kisumu. Msivipuuze. Mara nyingi ndivyo vinavyookoa mtu mwenye pointi nusu pungufu.

Pointi_kwa_Pointi
Hapo ndipo kuchagua kunapokuwa ufundi. KUCCPS inatoa chaguo la 1a, 1b, 1c, kisha la 2, la 3 na la 4. Kando ya kila kozi kuna pointi za mwisho za mwaka uliopita. Watu huziona kama bei ya dukani, "nikifikisha 42 napata". Siyo. Ile ni pointi ya mwanafunzi wa mwisho aliyeingia mwaka ule. Mwaka huu wakija wenye nguvu wengi inapanda, wakipungua inashuka. Anayekaa juu ya mstari kwa 0.1 yuko hatarini kama aliye chini yake kwa 0.1.

Mpango unaofanya kazi: 1a, 1b, 1c ziwe famasia katika vyuo vitatu vyenye pointi zinazoshuka ngazi kwa ngazi. Usiweke vyuo vitatu vyenye ushindani uleule, ukikosa kimoja umekosa vyote. La 2 na la 3 ziwe kozi za jirani ambazo kweli atazisoma: biokemia, uuguzi, sayansi ya maabara ya kitabibu. La 4 liwe la uhakika kabisa.

Kosa kubwa ninaloliona ni kumwachia mtu wa saiba, yule wa duka la intaneti, ajaze. Mtu wa saiba ana wateja ishirini kwenye foleni. Anabonyeza kozi yenye jina linalofanana: kuna diploma ya famasia na kuna shahada, kuna "sayansi ya dawa" ambayo si famasia ya kusajiliwa. Akae mwenyewe, alinganishe msimbo wa kozi tarakimu kwa tarakimu, ahifadhi, achape, ahakikishe nywila anaijua yeye na si ya saiba. Dirisha la marekebisho likifunguliwa anahitaji kuingia tena.

Karani_Mstaafu
Majina! Hamjagusa majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Wanjiru, KCSE inasema Wanjiru na jina la ubatizo, kitambulisho kimeandikwa Wanjiro. Mwaka wa kwanza atapita. Siku ya kuindeksiwa au ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ndiyo itamkwamisha.

Yuko Kidato cha Tatu, kuna muda. Usajili wa KCSE ukifika, mzazi aende shuleni aone jina lilivyoandikwa kabla shule haijatuma, herufi kwa herufi na mpangilio wake, walinganishe na cheti cha kuzaliwa. Kurekebisha wakati huo ni kalamu. Kurekebisha baada ya cheti kutoka ni barua kwa KNEC, baraza la mitihani, malipo na miezi.

Karatasi ya matokeo ya shule itolewe nakala kadhaa zilizopigwa muhuri. Cheti halisi kisilaminetiwe: ofisi nyingi hutaka kuona karatasi yenyewe.

MamaWaUmoja
Hili la majina limenitoa jasho, nakwenda kuangalia usiku huu. Na karo? Nasikia famasia ni ghali.

Karani_Mstaafu
Ni miongoni mwa kozi za gharama ya juu, mama, pamoja na udaktari. Lakini kwa aliyepangiwa chuo cha umma na KUCCPS, 2023 ulikuja mfumo mpya wa ufadhili, na 2024 ukagawanywa bendi tano. Anaomba kwenye tovuti ya HEF, ile ya ufadhili wa elimu ya juu, ombi moja la ufadhili na mkopo pamoja.

Mgao wa 2024 ulikuwa hivi. Bendi ya 1: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Ya 2: 60, 30, 10. Ya 3: 50, 30, 20. Ya 4: 40, 30, 30. Ya 5: 30, 30, 40. Tufanye mfano wa namba nyepesi: gharama ya mwaka ikiwa shilingi 400,000 na amewekwa bendi ya 3, ufadhili ni 200,000, mkopo 120,000, nyinyi mnatoa 80,000. Akiwa bendi ya 5 mnatoa 160,000. Tofauti ya bendi mbili ni mara mbili ya mzigo. Kwa hiyo fomu ile ijazwe kwa uangalifu kuliko fomu nyingine yoyote: kazi ya wazazi, ndugu wengine walioko shule, aliyelipa karo ya sekondari, shule aliyosomea. Nafasi ikiachwa wazi, mfumo haukuonei huruma. Akiwekwa bendi isiyomfaa kuna rufaa, na rufaa hutaka karatasi, si malalamiko.

Na laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Fomu nyingi hukwama kwa sababu laini ni ya shangazi.

Lingine ambalo huwashtua watu: aliyepangiwa chuo kikuu binafsi anapata mkopo, hapati ufadhili. Kabla ya kuweka chuo binafsi kwenye 1a, pigeni hesabu ya miaka mitano.

Mwalimu_Bureti
Turudi kwa swali la tatu la mama, miezi ya kungoja. Matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka, kuripoti chuoni huwa Agosti au Septemba. Wengi huwa wamesahau kila kitu kufikia hapo, na famasia haingoji mtu. Mwaka wa kwanza unakuja na biokemia, kemia ya viumbehai, fiziolojia na hesabu za dawa kwa pamoja.

Asirudie silabasi yote. Ashike moli na ukolezi mpaka avifanye akiwa anapika. Logi na pH. Makundi tendaji ya kemia ya kaboni: alkoholi, asidi ya kaboksili, esta, amini, awe anaweza kuyachora na kuyatambua ndani ya umbo kubwa kama la aspirini. Seli na utando wake. Mengine yatafundishwa.

Hesabu za dawa aanze nazo sasa hivi, hazihitaji chuo. Mfano mwepesi: mtoto wa kilo 12, dozi ya paracetamol ni mg 15 kwa kilo, dawa ya maji ina mg 120 katika kila ml 5. 12 mara 15 ni mg 180. 180 kwa 120 ni 1.5, mara 5 ni ml 7.5. Mwanafunzi akitoa 75 kwa sababu ya desimali, ndipo anapoona kwamba hapa desimali si alama moja ya KNEC.

Mwingine: myeyusho wa chumvi wa asilimia 0.9, ml 500. Asilimia hapa ni gramu katika ml 100. Kwa hiyo gramu 4.5.

Na huu mpeni binti ajibu bila msaada: una ethanoli ya asilimia 95 kwa ujazo, unataka ml 200 ya asilimia 70. Utachukua kiasi gani, na utaitayarisha vipi? Sehemu ya pili ya swali ndiyo swali.

Kaunta_ya_Dawa
Kitu kingine cha miezi ile: chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Akingoja mpaka aripoti Septemba, ya tatu inaangukia Machi, na kufikia hapo huenda ameshaanza kuingia maabara na wodi. Akianza Januari au Februari anaripoti akiwa amekaribia kumaliza au amemaliza. Kadi aitunze, huulizwa.

Baba_Gredi_Kumi
Nisamehewe kuingilia. Sisi wa CBE, mtaala mpya, tunafanyaje? Wetu yuko Gredi ya 10.

Pointi_kwa_Pointi
KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani ni ya 2027, kwa hiyo hesabu za klasta hapo juu ni za msichana wa mama, si za wako. Kwa wako hakikisha mambo mawili leo: yuko mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), na Baiolojia na Kemia zimo kwenye masomo yake matatu ya kuchagua. Hisabati iwe ile kamili, si ile nyepesi. Fizikia ikiwa la tatu, vizuri. Shule ikimpa mchanganyiko usio na Kemia kwa sababu darasa limejaa, gombana nao sasa, si Gredi ya 12.

MamaWaUmoja
Binti amejibu swali la mwalimu. Anasema 70 mara 200 gawanya kwa 95 ni ml 147.4. Anapima ml 147.4 za ethanoli, anaongeza maji ml 52.6, zinatimia 200. Jina nalo nimekagua, cheti cha kuzaliwa kina herufi moja zaidi. Kesho niko shuleni.

Mwalimu_Bureti
147.4 ni sahihi, mpe hongera. Ila hizo 52.6 zitamwangusha. Ethanoli na maji vikichanganywa hujibana, ujazo wake unapungua, kwa hiyo 147.4 na 52.6 havifiki 200. Atapata pungufu kidogo, na ukolezi utakuwa umezidi 70. Anatakiwa aweke ethanoli ml 147.4 kwenye silinda au flaski ya ujazo, aongeze maji kiasi, achanganye, aache ipoe maana inapata joto kidogo, ndipo ajaze maji mpaka mstari wa 200. Maji hayapimwi, yanajazwa hadi mstari. Mwambie ajaribu tena na ml 500 ya asilimia 60, safari hii aandike hatua zote, si tarakimu tu.